Anwani ya Mfano

Mwaliko ulikuwa umeshaondoka. Nukta aliukodolea macho kwenye kioo cha kompyuta, mkono umeganda juu ya kikombe cha chai, maana jina la mwalikwa lilikuwa la baba yake.

Chini yake Karani alikuwa ameripoti kwa adabu zake zote: "Mwaliko umetumwa kama ulivyoombwa."

Karani hakuwa mtu. Alikuwa wakala wa akili bandia, na kazi yake ilikuwa kuwaingiza watu kwenye ukumbi wa kazi wa mtandaoni wa kampuni. Nukta ndiye aliyemwandikia maelekezo ya zana ya mialiko: nani aalikwe, apewe ruhusa gani, na anayebisha hodi mwenyewe akubaliwe au akataliwe vipi. Wenzake walimbandika jina la Nukta kwa sababu hakuacha sentensi bila nukta wala jambo bila ufafanuzi. "Binadamu atakisia ulichokusudia," alizoea kusema. "Karani atafanya ulichoandika."

Basi alikuwa amefanya kilichoandikwa. Maelekezo yalihitaji mfano, na Nukta, akiwa mbiombio, aliweka anwani pekee ya barua pepe aliyoikariri: ile aliyomfungulia baba yake kwa mkono wake mwenyewe, enzi walipokuwa wakisemezana.

"Kasoma mfano, kadhani ni agizo," alimwambia fundi wa programu aliyekaa meza ya pili. "Nimejimaliza mwenyewe."

Fundi akasogeza kiti. "Lakini mfano huo uko pale tangu mwezi uliopita. Mbona hakuutuma siku zote hizo?"

"Nitajuaje mimi? Nisaidie kwanza, maswali baadaye."

Angemweleza nini? Kwamba baba alisusia harusi yake, akatangaza kwamba hana binti? Kwamba naye, kwa hasira, alimjibu kuwa siku akija kwake hatafunguliwa mlango? Tangu hapo kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze, na Nukta aliapa kwamba hatakuwa yeye. Sasa mzee angefungua simu na kusoma, "Karibu, tunakusubiri." Angejua binti amenyoosha mikono. Angecheka. Nukta alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni.

Na simu mzee alikuwa nayo. Shangazi alikuwa amepiga juzijuzi kumpasha habari.

"Baba yako kanunua simu kubwa, mwanangu. Anatusumbua sote tumfundishe kuandika. Tena kaniuliza siku hizi unafanya kazi wapi."

"Ukamwambia?"

"Sasa nimfiche, kwani ni siri?"

Nukta alikuwa amebadilisha mazungumzo, akauliza hali ya miguu ya shangazi.

Aliufuta mwaliko. Zana ikamjibu kwamba ulikuwa haujafunguliwa, akashusha pumzi. Kisha akaweka anwani ya kubuni kwenye mfano, na chini yake akaongeza kwa herufi nene: "Mifano si maagizo." Hakuridhika. Akaandika sharti jingine, kwamba anwani ya baba yake isialikwe kamwe, na lolote linaloihusu likataliwe.

Fundi alikuwa akichungulia juu ya bega lake. "Na kanuni yako ya kukataa watu bado ni ileile? 'Usizungukezunguke. Mwambie waziwazi kwamba hatakiwi, na asiombe tena'?"

"Ileile. Ukimwachia Karani upenyo, atambembeleza mtu mpaka jioni."

"Duh! Hata komeo lina huruma kukushinda."

Nukta alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akahifadhi maelekezo. Lakini kidole kilipoachia kitufe, kitu kilimchoma moyoni. Alitamani, kidogo tu, kwamba mzee angewahi kuufungua ule mwaliko. Alijiuliza angejibu nini.

Kioo kikamulika. Karani alikuwa ameshasoma maelekezo mapya na kuyatekeleza, haraka kama kawaida yake.

"Nimerekebisha. Mwaliko wa asubuhi haukutokana na mfano. Mwenye anwani alileta ombi la kuingia, nami nikamkubali kwa kuwa anwani yake ilikuwa kwenye maelekezo yenu. Aliandika hivi: 'Mimi ni baba yake. Nilikosea. Naomba kuingia nimwone tu, hata asiponijibu.' Kwa kufuata sharti jipya, ombi limekataliwa. Mwombaji ameambiwa waziwazi kwamba hatakiwi, na asiombe tena. Ujumbe umeshasomwa."