Mguu Ndani ya Video

Glenys aliingia kwenye maonyesho ya karavani mjini Toowoomba, Australia, na kandambili zake, akaenda moja kwa moja hadi banda la kampuni iliyomuuzia karavani mpya, nyumba ya kukokotwa na gari, inayovuja kama chujio.

Aliporekodi mvua ikimwagika kitandani na kuiweka video mtandaoni, kampuni iliwaapia wenye mtandao kwamba video ni mali ya kampuni, imeibiwa. Wakaifuta.

“Ile video ni yenu, sivyo?” aliuliza mbele ya wateja.

“Ni yetu, mama.” Muuzaji alitabasamu meno yote nje. “Hakimiliki ni hakimiliki.”

“Mliipiga wenyewe?”

“Sisi wenyewe.”

Mijitu mizima, hata kudanganya haijui! Glenys alivua kandambili, akapandisha mguu mezani, juu ya vipeperushi vinavyong'aa. Kidole gumba kilikuwa kimepinda kama ndoana, kucha nyeusi tii. Kisha akawasha simu yake, video ikacheza: maji yanachuruzika, na mguu uleule umesimama dimbwini.

“Haya, mwanangu, niambie. Huu mguu ni wa nani kati yenu?”

Wateja walikuwa wameshatoa simu zao. Muuzaji akaokota kipeperushi, akaufunika mguu.