Diski ya Pili

Tangu asubuhi Aluoch alikuwa akihangaika na diski ya pili, ile aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kompyuta yake ya Linux iliiona, lakini ikakataa katakata kuifungua. Diski ya kwanza ilikuwa imejaa, na bi harusi alikuwa amekuja studioni kwake, mtaani Kamwokya, kuhaririwa video yake.

"Nyabo, mama, piga fomati tu," fundi alimwambia kwenye simu, amechoka naye. "Itafanya kazi saa hii."

"Na nyimbo za mume wangu?"

"Hizo zitafutika."

Aliishika diski. Ilikuwa ya moto, ikitetemeka kiganjani kama kifaranga.

"Dada, bado tu?" bi harusi aliuliza.

Alipobonyeza fomati, kompyuta nayo iliuliza: Futa vyote?

Aluoch alisonya, akachomoa waya wa diski.

"Dada yangu, video yako haina pa kukaa."