Ukuta wa Wodi ya Wazazi

Tunu alipanda kwa ngazi juu ya fremu ya chuma ya wodi mpya ya wazazi, akaanza kufungua skrubu zilizobana plaiwudi. Zilikuwa zimekazwa mno, vichwa vikazama na kupasua ubao.

"Wewe mama, shuka!" msimamizi Masudi alifoka kutoka chini. "Wageni wanakuja kukagua jengo. Tutaziba nyufa kwa puti, nani ataona?"

"Upepo utaona, kaka. Ukisukuma, plaiwudi itachomoka kwenye chuma, na ukuta utawaangukia wazazi vitandani."

"Ukishuka hapo, kesho usirudi kazini!"

"Basi sishuki."

Mafundi wakaangua kicheko. Masudi, kwa hasira, akaiondoa ngazi.

Tunu akajiweka vizuri juu ya chuma, miguu ikining'inia. "Bismillahi," akasema, akaweka skrubu mpya kando ya tundu la zamani na kuikaza taratibu kwa drili, mpaka kichwa kikalala sawasawa na ubao. Akakipapasa kwa kidole, akachukua skrubu nyingine.

Magari ya wageni yaliingia getini. Masudi alikuwa bado amesimama katikati ya wodi na ngazi mikononi, asijue aiweke wapi.