Maneno Matano ya Bibi Areti

Kadi ilikuwa na picha ya glasi ya maji, na kwa wiki ya tisa mfululizo Bibi Areti aliitazama kama picha ya pasipoti ya mtu asiyemjua.

"Maji!" alijibu mumewe. "Na maji yenyewe, binti yangu, jana yalikatika mtaa mzima. Nikamwambia Areti, haya mimi niliyaona tangu Jumanne, bomba likikohoa. Lilianza kukohoa la jikoni..."

"Mzee Stathis," alisema Evanthia, "namuuliza yeye."

"Muulize, muulize. Mimi sipo."

Alinyamaza kwa muda wa kupepesa macho mara mbili, kisha akarudi kwenye bomba la jikoni.

Evanthia alikuwa mwaka wa nne wa tiba ya usemi katika chuo kikuu cha serikali, mjini Ioannina. Sharti la mafunzo kwa vitendo lilikuwa fupi: mgonjwa mmoja, muhula mmoja, maendeleo yanayopimika. Bibi Areti, mwenye miaka sitini na tisa, alipigwa na kiharusi Januari. Kilimwachia miguu, mikono na akili, kikaondoka na sauti. Kufikia mwisho wa Mei alitakiwa atamke maneno matano mbele ya msimamizi. La sivyo Evanthia angerudia muhula, na kazi iliyokuwa ikimsubiri katika kituo cha watoto huko Preveza isingemsubiri tena.

"Nilikupa mgonjwa mwepesi kuliko wote," alisema msimamizi, Bi Vlahou, akipekua vipimo. "Ulimi mzima, koo zima, pumzi safi. Huyu angekuwa anaimba kanisani sasa hivi."

"Mumewe hampi nafasi."

"Basi mtoe mumewe."

Ilikuwa rahisi kusema. Kila mlango ulipotajwa, Bibi Areti alishika mkono wa koti la mumewe na kukaza vidole. Naye mzee, dereva mstaafu wa gari la kuondoa theluji mlimani, akishikwa hivyo alipata nguvu mpya. Alisimulia alivyopika dengu zikaungua, akapika nyingine zikaungua vilevile. Alisimulia ndoto ya ndugu yake aliyekufa. Alisimulia alivyomwona Areti mara ya kwanza, kwenye harusi ya watu, amevaa viatu vya dada yake vilivyompwaya. Yote hayo aliyasema akitazama dirisha. Bibi Areti alimsikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo, na Evanthia akaandika kwenye faili: "Misuli ya taya imelegea."

Siku moja mzee mwingine wa kijijini kwao, aliyeletwa kwa mazoezi ya goti, alisimama mlangoni na magongo yake akasikiliza kwa muda mrefu.

"Huyu Stathis ameanza maneno haya lini?" alimnong'oneza Evanthia.

"Februari. Mwezi mmoja baada ya kiharusi."

Yule mzee akafanya ishara ya msalaba mara tatu, akaenda zake.

Ijumaa ya mwisho ya Mei, Bi Vlahou alikuwa aingie saa tano. Ilipofika saa tano kasorobo, Evanthia alikuwa ameishiwa na adabu.

"Mzee Stathis, nje."

"Mimi sipo, binti."

"Upo, mzee wangu. Tangu Februari upo. Umekalia kila neno la mkeo. Naomba utoke, la sivyo nitalia, na mimi nikilia jengo zima linajua."

Mzee aliutazama mkono uliomshika. Akaufungua kidole kimoja kimoja, akaupapasa kidogo, akatoka.

Chumba kilikuwa kimya kwa mara ya kwanza muhula ule. Evanthia aliinua kadi ya maji.

"Bibi yangu, nakuomba. Neno moja tu."

Bibi Areti aliutazama mlango kwanza, kuhakikisha umefungwa.

"Weka chini hiyo kadi, mwanangu," alisema.

Alisema bila kukwama hata mahali pamoja, kama mtu aliyetoka kupumzika.

"Sauti ilirudi wiki ya Pasaka. Miaka arobaini na miwili nimeishi na mtu huyu, na kwa siku nzima nilikuwa nikipata 'asubuhi njema' na 'lete chumvi'. Basi. Nilipoishiwa sauti mimi, ndipo akaanza yeye. Sijui ni hofu iliyomfungua. Juzi amefikia mwaka tuliochumbiana, na mambo anayoyasema sikuwahi kujua kwamba aliyaona. Akijua nimepona, atanyamaza tena."

Saa tano kamili Bi Vlahou aliingia na daftari lake. Nyuma yake alikuwa Mzee Stathis, ambaye tayari alikuwa amefika katikati ya kisa alichokianza kwenye korido. Aliketi mahali pake, na vidole vya mkewe vikarudi kwenye koti.

"Haya," alisema Bi Vlahou. "Maneno mangapi?"

"Hakuna hata moja, mwalimu," alisema Evanthia. "Nitarudia muhula. Ila naomba nipewe mgonjwa huyuhuyu."