Paka Mpole

"Huyu anarukaruka usingizini, bibi. Atakufa," alisema Rukia, akichungulia kapu la watoto wa paka.

"Huyo mzima, ndivyo wanavyokua," alijibu Bi Kidawa. "Yule wa pembeni je?"

"Huyo ndiye niliyemchagua awe wangu. Mpole, tangu asubuhi hajalia."

"Upole gani huo kwa mtoto wa siku tisa?"

Bibi alimgusa mdomoni, akakuta baridi. Akamvuta ngozi ya shingo, ikabaki imesimama. Rukia alipoleta kijiko cha maziwa, bibi alikirudisha.

"Kwanza apate joto. Akinyweshwa hivi alivyo, atakufa."

Akamtia kifuani, akamfunika kwa kanga. Mama paka akapanda mapajani mwa bibi, akaanza kuilamba kanga pale palipotuna.