Kikopo cha Bi Mize

"Mama, wamepatikana," Makame alisema, karatasi ya maabara mkononi, macho sakafuni kama kawaida yake mbele ya mama mkwe. "Bakteria wa tumbo. Kipimo cha choo kimewaonyesha wazi."

Bi Mize alivuta mtandio hadi kwenye paji la uso. Juzi, alipopewa kikopo akaambiwa alete choo, aliona heri afe na kiungulia chake. Mpimaji wa zahanati ile alikuwa mmoja tu, mume wa binti yake. Mkwe ambaye hajawahi hata kumwona akila, ndiye akifungue? Basi leo asubuhi mjukuu wake Nunu aliponyanyuka kwenye poti, Bi Mize alichota humo kidogo, akafunika, akakifunga kikopo kwa leso yenye udi. Choo cha mtoto hakina aibu, alijiambia.

"Utapewa dawa, utapona," Makame aliendelea. "Anayenitia wasiwasi ni Nunu. Wiki ya pili sasa hali chakula, analia tumbo. Mama yake anasema ni deko tu."

Bi Mize aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu harusi alimtazama mkwewe usoni, akaona ana macho ya Nunu.

"Baba, nipe kikopo kingine."

"Cha nini, mama? Majibu si haya?"

"Hayo si yangu. Ni ya mwanao."

Makame aliikunja karatasi. Kisha akaingia ndani, akarudi na kikopo kitupu, akampa kwa mikono miwili.