Msumeno Wenye Mbio

Jumanne, tarehe kumi na tisa, saa nne na robo asubuhi, injini ya kushoto ilichomoka kwenye bawa, ndege ikaanguka na watu sitini na mmoja. Jina la thelathini na mbili kwenye orodha lilikuwa la mke wa Msumeno.

Msumeno ni jina alilopewa kazini. Miaka ishirini na miwili, pale karakana ya ndege, kazi yake ilikuwa moja tu. Kila bolti iliyomaliza muda wake alitakiwa aikate vipande viwili, atie sahihi daftarini, ndipo iuzwe kama chuma chakavu. Kanuni yenyewe ilibandikwa ukutani, juu ya kichwa chake.

"Woga wa wakubwa," alikuwa akimwambia mkewe. "Chuma kinang'aa kama kipya, eti kikate! Wenyewe hata bisibisi hawajawahi kuishika."

Mkewe alikuwa akicheka. Mwaka ule wa mwisho, kila mumewe aliporudi jua likiwa bado juu, alimtania, "Baba watoto, msumeno wako siku hizi una mbio!"

Sasa hakuna wa kumtania. Kila siku Msumeno alikuja ukumbi wa tume ya uchunguzi, akakaa kiti cha mbele, na shati lile lile. Marehemu mkewe ndiye aliyelipiga pasi mara ya mwisho, naye Msumeno hakutaka kulifua.

"Mlikuwa wapi?" aliwafokea wakubwa mezani. "Mnazunguka kwenye viti vya ofisini, sisi tunazika vipande!"

Siku ya nane, saa nne, simu yake ilitikisika. Binti yake, mtoto wa pekee aliyebaki naye, alikuwa ameandika: "Baba, ndio tunapanda ndege. Saa sita nitakuwa pembeni yako. Usigombane na watu kabla sijafika."

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi.

Saa tano akasimama mkaguzi, mama mmoja wa miwani nzito, ameshika kipande cha bolti iliyovunjika. Akaeleza kwamba hicho ndicho kilichoshika injini, na kwamba bolti ilikuwa kuukuu. Wauza vyuma chakavu waliikuta nzima, wakaisugua, wakaipaka rangi, wakaigonga namba mpya, wakaiuza na cheti cha uongo. Jana rangi ilipooshwa, namba ya zamani ikajitokeza.

"Nzima?" Msumeno aliruka kitini. "Mbwa gani aliyeiacha nzima? Mtajeni! Nataka nimwone uso!"

Wafiwa wakapiga makofi. "Waambie, mzee, waambie!" akapaza sauti mmoja wa nyuma.

Mkaguzi hakupandisha sauti. Alishuka jukwaani na lile daftari la karakana kwapani, akalifungua mbele ya Msumeno, kwenye ukurasa wenye alama ya kidole cha grisi.

"Baba yangu," alisema taratibu, "hapa umeandika bolti arobaini, zote zimekatwa. Sahihi ni yako. Moja ni hii, tumeiokota kwenye mabaki. Hizo thelathini na tisa, sasa hivi zinaruka na ndege zipi?"